Swali la lugha: Usovieti ulianguka, ulivunjika au ulivunjwa?

Msomaji mmoja wa Tanga kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Juzi redioni mtangazaji kasema 'Urusi iliposambaratika mwaka 1991', mjomba wangu aliyesoma Kiev enzi hizo akakataa palepale, anasema Urusi haijasambaratika, kilichovunjwa ni Usovieti. Mwanangu nae yuko sekondari, daftari lake limeandikwa 'kuanguka kwa Usovieti'. Sasa lipi ni sahihi? Na je naweza kuiita himaya?"

Marahaba. Mjomba kapatia, na tena kapatia mara mbili, kwenye jina na kwenye kitenzi, ngoja nianze na jina maana hapo ndo watu wengi wanateleza, hadi magazeti.

Muungano wa Kisovieti uliundwa rasmi tarehe 30 Desemba 1922, miaka mitano baada ya mapinduzi ya kikomunisti ya 1917, na walioungana siku ile walikuwa wanne tu: Urusi, Ukraine, Belarus na shirikisho la nchi za Kaukazi yaani Georgia, Armenia na Azerbaijan kwa pamoja. Baadae zikafika jamhuri 15. Urusi ilikuwa kubwa kuliko zote, peke yake ilichukua kama robo tatu ya ardhi yote, mji mkuu ulikuwa kwao Moscow na lugha ya serikali ni yao, kwaiyo huku kwetu tukazoea kuita kila kitu Urusi. Aliyesoma Tashkent, Uzbekistan, kasoma Urusi, aliyesoma Minsk, Belarus, kasoma Urusi, na mjomba wako pia wengi walimwambia kasoma Urusi wakati Kiev ni Ukraine. Kwenye maongezi ya kibarazani sina ugomvi nayo. Ila ukiandika, angalia unamfuta nani. Usovieti ulipoteza watu kama milioni 27 kwenye Vita Kuu ya Pili, na hao walikuwa Warusi, Waukraine, Wabelarus, Wayahudi, Wakazakhi, Wauzbeki na wengine wengi, sasa mtu akiandika "Warusi milioni 27" kawazika mamilioni ya watu kwa jina lisilo lao. Hilo linaniuma kila nikiliona.

Afu kuna hoja nyingine inayoiangusha kabisa ile sentensi ya redioni. Urusi yenyewe ni mmojawapo wa waliouvunja Muungano! Tarehe 12 Juni 1990 bunge la Urusi lilitangaza kwamba sheria zake ziko juu ya sheria za Muungano, na siku hiyo mpaka leo ni sikukuu ya taifa kwao. Wa mwisho kabisa kutangaza uhuru walikuwa Kazakhstan, tarehe 16 Desemba 1991, wakati bunge la Urusi lilishaidhinisha mkataba wa kuuvunja Muungano siku nne nyuma. Kwaiyo usiseme Urusi ilisambaratika, mwaka 1991 Urusi ilitoka.

Sasa vitenzi, na hapa ndo utamu wenyewe ulipo.

Kuanguka ni kwa kitu kilichokuwa juu, kilichokalia kiti: mfalme, serikali, chama. Tsar Nicholas II, mfalme wa Urusi, alianguka Machi 1917. Chama cha Kikomunisti nacho kilianguka, tena kwa haraka ya kushangaza, vigogo walijaribu kupindua tarehe 19 Agosti 1991 wakamfungia Mikhail Gorbachev, rais wa Muungano, kwenye nyumba ya mapumziko kule Crimea, siku mbili mbele mapinduzi yakafeli, na ilipofika Novemba 6 Yeltsin, rais wa Urusi, akakipiga marufuku chama chote ndani ya Urusi. Kwaiyo daftari la mwanao halijakosea sana, ila "kuanguka" kunakaa vizuri zaidi ukitaja utawala wa kikomunisti kuliko ukitaja nchi.

Kuvunjika na kuvunjwa wengi wanaona ni kitu kimoja, na si kimoja. Ukisema kikombe kimevunjika, umetaja hali yake, hujamtaja aliyekivunja na pengine hayupo. Ukisema kimevunjwa, msikilizaji ana haki ya kukuuliza na nani, na lazima uwe na jibu. Kwa Usovieti jibu lipo na lina tarehe. Desemba 8, 1991, kwenye nyumba ya wawindaji pale Viskuli ndani ya msitu wa Belovezha, Belarus, karibu na mpaka wa Poland, walikaa Boris Yeltsin wa Urusi, Leonid Kravchuk wa Ukraine na Stanislav Shushkevich wa Belarus wakatia saini kwamba Muungano haupo tena. Wiki moja nyuma zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura Ukraine walisema ndio kwa uhuru, kwaiyo Kravchuk alikuja na jibu mfukoni. Gorbachev, rais wa Muungano huo huo, hakuwepo na hakuitwa. Tarehe 25 Desemba saa moja usiku akahutubia taifa kwa televisheni akajiuzulu, na kwenye kusaini karatasi kalamu yake ikakataa kuandika ikabidi aazime ya Mmarekani mmoja, bosi wa CNN aliyekuwa palepale na wapiga picha wake. Baada ya muda mfupi bendera nyekundu ya Usovieti ikashushwa Kremlin, ikulu ya Moscow. Hiyo ni kuvunjwa. Na neno hilo lina uzito kwa wale waliotaka muungano ubaki, maana Machi 1991 ilipigwa kura na takriban asilimia 76 ya waliopiga walisema ubaki, ingawa jamhuri sita zilisusa.

Lakini usiitupe "kuvunjika", kwa sababu wale watatu wasingeweza kuvunja kitu kizima. Miaka mingi nyuma nyufa zilishaanza: bei ya mafuta iliporomoka mwaka 1986 na nchi ilitegemea mafuta kununua hadi nafaka ya nje, mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, Ukraine, ukalipuka Aprili mwaka huohuo na serikali ikakaa kimya siku mbili, Afghanistan jeshi liliingia Desemba 1979 likatoka Februari 1989 bila ushindi, na Gorbachev alipofungua midomo ya watu wakaanza kuongea yaliyofichwa miaka yote, njaa ya 1932 na 1933 iliyoua mamilioni Ukraine na Kazakhstan, makambi ya wafungwa ya Stalin, dikteta wa Usovieti wa zamani, yote. Lithuania ikatangaza uhuru tarehe 11 Machi 1990. Ukizungumzia mchakato huo wote mrefu, sema ulivunjika. Ukizungumzia Desemba 1991, sema ulivunjwa.

Kusambaratika mi naiweka pembeni kidogo. Kinachosambaratika hutawanyika ovyo vipandevipande, na jamhuri zile zilitoka kila moja na mipaka yake iliyokuwepo kwenye ramani. Uchumi ndo ulisambaratika kweli, mwaka 1992 bei Urusi zilipanda zaidi ya mara 20 ndani ya mwaka mmoja na akiba ya wazee ya maisha mazima ikabaki haina thamani.

Na himaya je? Zamani neno hili lilibeba maana ya ulinzi, ndo maana vitabu vinasema Zanzibar ilikuwa nchi ya himaya ya Uingereza, siku hizi limepanuka tunaita himaya dola lolote linalotawala wengine. Wasovieti wenyewe wasingekubali, katiba yao ya 1977 ibara ya 72 ilisema kila jamhuri ina haki ya kujitoa kwa hiari. Ila muulize Mestonia au Mlatvia, nchi zao zilimezwa mwaka 1940 baada ya Stalin na Hitler kugawana ramani kwa siri mwaka mmoja kabla, atakwambia ile ilikuwa himaya tu. Ushauri wangu ni huu: tumia Muungano kwa zile jamhuri 15, na himaya kwa duara pana zaidi, Poland, Hungary, Czechoslovakia, Ujerumani Mashariki na wenzao, ambao hawakuwa ndani ya Muungano lakini walipojaribu kwenda njia yao vifaru vilikuja, Budapest 1956, Prague 1968. Ukitenganisha hivo utaona mambo mawili yaliyotokea kwa nyakati mbili, himaya ilikwisha 1989, Ukuta wa Berlin ukafunguliwa Novemba 9, na Muungano wenyewe ukafuata 1991. Watu wengi wanayachanganya kwa sababu wanatumia jina moja kwa yote.

Kuhusu urithi, kitenzi ni kurithi na Urusi ndo ilirithi: kiti cha kudumu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, madeni ya nje, na mwisho silaha zote za nyuklia, zikiwemo zilizokuwa Ukraine, Belarus na Kazakhstan. Ukraine walikubali kuzitoa, na kwenye makubaliano ya Budapest ya Desemba 1994 wakaahidiwa mipaka yao itaheshimiwa. Ahadi hiyo ndo inayotajwa kila siku kwenye habari za vita vya sasa, na mtu anayeita kila kitu Urusi hawezi kuelewa Waukraine wanadai nini.

Mwanao aandike "utawala wa kikomunisti ulianguka na Muungano wa Kisovieti ukavunjwa Desemba 1991", mwalimu hatamkata maksi. Na tahajia, utakuta Kisovieti na Kisovyeti, zote zinatumika, achague moja abaki nayo mpaka mwisho wa insha.