Kupunguza uzito ukiwa na kisukari: anza na dakika kumi

Nilipogundulika na kisukari cha aina ya pili mwaka 2019, mzani wa kliniki ulisoma kilo 94. Nikaambiwa nimeze dawa, nipunguze wanga, nifanye mazoezi. Kwenye dawa nilielekezwa vizuri, kidonge kipi asubuhi na kipi jioni. Kwenye mazoezi hakuna aliyenipa kipimo, kwa hiyo nikajipimia mwenyewe, tena vibaya.

Siku ya tatu niliamka alfajiri, nikameza dawa zangu na kutoka bila kula, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba mafuta huyeyuka upesi tumbo likiwa tupu. Nilitoka Tabata Kimanga kuelekea Segerea, nakimbia kidogo, natembea kidogo. Wakati wa kurudi, karibu na duka la Mangi wa mtaani kwetu, likanitoka jasho la baridi. Midomo ikafa ganzi. Nilitaka soda, naiona kabisa kwenye friji, lakini jina lake haliji. Mangi akasema, "Mama, kaa hapa," akanikalisha juu ya kreti na kunishikia chupa, maana mkono wangu ulikuwa unatetemeka hadi chupa inagonga meno. Nilipofika nyumbani nikapima. Pamoja na soda nzima tumboni, mashine ya sukari ilisoma 4.1 (kwa kipimo cha mmol/L).

Misuli ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na huendelea kuivuta saa kadhaa baada ya wewe kupumzika. Mimi, pamoja na metifomini, dawa ya kawaida ya kisukari, nilikuwa natumia kidonge kinacholisukuma kongosho litoe insulini, ile homoni inayoshusha sukari. Metifomini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Hicho kingine kinaweza, na insulini ya sindano pia.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujanunua raba, beba dawa zako zote uende nazo kliniki na uulize: "Nikianza mazoezi, ipi kati ya hizi inaweza kunishusha, na nile nini kabla?" Usijipunguzie dozi mwenyewe. Kama una presha, moyo, au umewahi kuambiwa macho yako yameathirika, sema, kwa sababu kuna mazoezi ya kubeba vitu vizito ambayo huenda yasikufae.

Mimi nilianza upya na dakika kumi baada ya chakula cha jioni. Kutoka mlangoni hadi kituo cha daladala na kurudi, basi. Baada ya kula ndipo sukari inapopanda, na ndipo miguu inapopata kitu cha kutumia. Wiki mbili dakika kumi, kisha kumi na tano. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki. Kuzifikia kulinichukua miezi mitano na sioni aibu. Mfukoni nabeba sukari vijiko vitatu vya chai nilivyovifunga kwenye kimfuko. Mashine ikisoma chini ya 4, nakoroga kwenye maji na kunywa, nakaa dakika 15, napima tena. Ikiwa juu ya 14 na mwili haueleweki, siku hiyo sitoki.

Miguu sasa. Hapa naomba unisikilize sana. Jioni moja nilivua kiatu nikakuta soksi ina damu. Ndani kulikuwa na kokoto dogo kama punje ya maharage. Nilikuwa nimetembea nalo nusu saa nzima bila kuhisi chochote, maana kisukari kinaweza kuua hisia za miguu, na kidonda kile kilichukua wiki sita kupona. Tangu hapo nakung'uta kila kiatu na kupitisha mkono ndani kabla ya kuvaa, navaa soksi nyeupe ili damu ionekane, na usiku naangalia nyayo kwa kioo. Kandambili sitembelei mazoezi hata siku moja.

Ugali sikuacha. Niliupunguza ukawa saizi ya ngumi yangu, mchicha au matembele yakachukua nusu ya sahani, na chai nikaizoea bila sukari. Chapati ni Jumapili, moja.

Jambo lililoniumiza kuliko njaa ni maneno. Huku kwetu ukikonda watu wanakuzika mapema. "Mbona umekwisha hivyo, unaumwa nini?" Nilijifunza kujibu wazi: naumwa sukari, na napungua kwa makusudi. Lakini ujue tofauti. Uzito ukiporomoka wenyewe huku una kiu isiyoisha na unakojoa kila saa, hayo si mafanikio ya mazoezi. Hiyo ni sukari iliyopanda, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ilinichukua miezi kumi na minne kufika kilo 83. Kilo tano za mwanzo tu zilitosha kipimo cha sukari ya miezi mitatu kuanza kushuka, na baadaye daktari akanitoa kwenye kile kidonge cha kongosho. Katikati nilipata malaria, nikalala siku tisa. Nilipopona nilitaka kurudi kwenye dakika zangu arobaini, magoti yakakataa kabla sijafika kona ya kwanza. Ukitoka kuumwa usirudi pale ulipoishia. Rudi kwenye kumi, kituoni na kurudi, mpaka mwili ukuombe zaidi.