Mkasi waachie wenzako

Ndugu, umesema umepewa uongozi wa kikosi cha uokoaji, lakini kila ajali ya barabarani unajikuta umeshika mkasi wa haidroliki, ule wa kukatia vyuma vya gari, huku vijana wakikusubiri. Uache huo mkasi. Ukiwa unakata nguzo ya mlango, macho yako yanaona nguzo tu, na petroli inayotiririka upande wa pili haina wa kuiona.

Mkifika, gari lenu lisimame mshazari, likinge eneo la kazi dhidi ya magari yanayopita. Kisha wewe zunguka gari la ajali lote, mikono mitupu, na mwenzako azunguke kwa nje zaidi: kuna aliyerushwa? Kuna waya wa umeme? Chungulia na viti vya nyuma, watoto husahaulika huko.

Kabari za kulizuia gari lisitikisike ziwekwe kabla mtu hajaingia ndani. Hata betri ikishakatwa, mfuko wa hewa (airbag) ambao haujafunguka bado ni hatari. Asiwepo mtu anayeweka kichwa mbele yake.

Halafu ongea na mhudumu wa afya. Majeruhi anaweza kungoja tukate paa, au atoke sasa hivi? Hapo ndipo kazi yote inapoamuliwa, na hali yake inaweza kugeuka ghafla. Kwa hiyo panga njia mbili za kumtoa tangu mwanzo, ya taratibu na ya dharura, kikosi kizima kizijue.

Amri itoe kwa jina. Ukipaza tu "wekeni kabari!" watakwenda watatu, au asiende hata mmoja. Na kusema "simama" ili kazi isitishwe iwe haki ya kila mtu, hata aliyeajiriwa jana.