Lipu ya saruji kwenye ukuta wa mawe na chokaa

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini ukuta wa nyumba ya familia yenu huko Mji Mkongwe, Zanzibar, unazidi kubambuka ingawa mliupiga lipu mpya ya saruji. Kwa maoni yangu, lipu hiyo ndiyo inayowaumiza. Kuta zile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa taratibu kupitia uso wake; ukizifunika kwa saruji, maji hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi, na chumvi yanayoiacha yanapokauka hujikusanya nyuma ya lipu mpaka ikaibandua. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: panapolia kama debe tupu, lipu imeshaachana na jiwe. Ule unga mweupe unaobaki kiganjani ukipapasa kwa kawaida huwa ni chumvi hiyo.

Kabla ya kumwita fundi, tazameni kwanza maji ya paa yanamwagikia wapi, maana bomba lililopasuka likiendelea kulowesha msingi, kazi yote itakuwa bure. Kisha bandueni saruji kwa uangalifu, mkipita kidogo juu ya alama ya unyevu, muuache ukuta ukauke kwa miezi kadhaa ya kiangazi, ndipo mpige lipu ya chokaa na kumalizia kwa chokaa ya kupaka, si rangi ya mafuta. Nawasihi sana, msikubali mchanga wa pwani, kwani unarudisha chumvi ileile ukutani.