Unataka kufungua spa ya tiba asili na mbadala? Andika maswali kabla ya kununua vitanda

Napigiwa simu mara kwa mara na watu wanaotaka kufungua spa ya afya Dar es Salaam, na karibu wote huanza kwa kunitajia vitu: vitanda, mashine ya mvuke, mawe ya moto, mishumaa, wengine wameshachagua hadi rangi ya ukuta. Nikiuliza, mteja akiingia mtamuuliza nini, kimya. Ndugu yangu unayeanza, kazi yenyewe iko hapo. Mahali panapoweka pamoja kukanda, kufukiza, hijama (kuumika kwa vikombe), mafuta ya mimea na yoga hapapimwi kwa wingi wa huduma zilizobandikwa mlangoni. Panapimwa kwa kujua nani asiguswe leo, na anayeguswa aanze na kipi.

Fomu ya mteja basi ndiyo ya kwanza. Presha, sukari, mimba, pumu, mzio, upasuaji wa karibuni, dawa anazotumia, safari aliyotoka. Usimpe kalamu ukaondoka, kaa naye. Watu huandika "hapana" kila mstari ili wawahi kitandani. Mama mmoja aliyekuwa ametoka safari ndefu ya ndege alijaza hapana tupu, kisha katika maongezi akasema mguu wa kushoto umemchoka. Tulipoutazama, shavu la mguu lilikuwa limevimba upande huo mmoja tu, lina joto, na ukiligusa anashtuka. Mguu wa namna hiyo haukandwi hata kidogo. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kipande kikimeguka kikafika kwenye mapafu kinaweza kuua. Alipanda teksi kwenda hospitali akiwa amevaa kandambili zetu, na huko wakamlaza.

Mwenye kisukari cha muda mrefu naye mwangalie miguu. Ganzi ikishaingia, jiwe la moto linamuunguza yeye akiwa amelala raha mustarehe, na kidonda cha mguu wa mwenye sukari si kitu cha kuchezea. Mwenye homa apime malaria kwanza, masaji itamsubiri. Mjamzito asiingie chumba cha mvuke, wala mwenye presha isiyotulia, wala aliyetoka kunywa pombe. Hata mzima akitoka kwenye mvuke mketishe, mpe maji, asisimame ghafla.

Upande wa mafuta na mimea, pwani yetu ina mali ambayo hoteli kubwa zinaitafuta. Chukua singo, anayosingwa bi harusi na somo wake, yaani mama anayemfunda. Asumini, waridi, mlangilangi, rihani, karafuu na liwa hukaushwa na kutwangwa, unga ukachanganywa na marashi ya mawaridi. Mwili unasuguliwa taratibu mpaka ule unga unakauka na kupukutika wenyewe pamoja na ngozi iliyokufa. Ukiwa na mama wa Kizanzibari anayeijua kazi hii, mlipe vizuri na umpe chumba chake. Huyo ni mtaalamu kamili, asiwe pambo la kupigia picha watalii.

Ila usidhani kwamba cha asili hakidhuru. Mafuta ya karafuu yanayokamuliwa Pemba yamejaa yujenoli, kemikali ile ile madaktari wa meno wanayotumia kutulizia maumivu, na yakipakwa bila kuzimuliwa yanababua ngozi. Kipimo changu hakizidi matone 3 kwa mililita 30 za mafuta ya nazi au ufuta, na hayagusi uso. Mafuta ya ganda la ndimu yaliyokamuliwa bila moto yana hatari nyingine: mteja akitoka na kwenda kuota jua la Kigamboni, ngozi inaungua na kubaki na madoa. Paka kidogo ndani ya kiwiko, subiri, uliza anasikiaje. Andika ulichopaka na kiasi chake.

Hijama ndiyo inayowaponza wengi. Vikombe vikavu ni jambo moja, kuchanja ni jambo jingine kabisa, kwa sababu sasa kuna damu, na damu inaweza kubeba virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi. Wembe wa mtu mmoja, mara moja, kisha moja kwa moja kwenye boksi la usalama la vitu vyenye ncha kali, sawa na sindano. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hachanjwi. Na aliyechanjwa leo hapelekwi kwenye mvuke leo. Ukiona huna mahali pa kuteketeza taka za damu, acha hijama nje ya orodha yako. Hutapungukiwa heshima.

Kuna kauli moja ambayo hakuna mfanyakazi wangu anayeruhusiwa kuitamka: "acha dawa za hospitali." Mtu anakuja na vidonge vya presha, au ARV, amechoka, anatafuta wa kumwambia aviache. Sisi tunamlegeza mabega, tunamsaidia apate usingizi, tunamrudisha kliniki kwake. Tafuta daktari wa karibu atakayepokea simu yako, mkubaliane kabla ya kufungua milango. Wala usiandike kwenye bango kwamba unatibu kisukari au kansa. Wapo watakaokuamini.

Makaratasi yana njia yake. Tanzania Bara, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ndiyo iliyounda Baraza linalosajili watoa huduma na vituo. Zanzibar ina sheria yake na baraza lake. Ukitaka kuuza singo kwenye vikopo, hicho ni kipodozi, na tangu 2019 vipodozi Bara viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Fomu za wateja nazo ni siri za afya za watu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo kabati lifungwe na funguo ijulikane iko kwa nani.

Sasa wafanyakazi, na hapa naomba unisikilize sana. Neno masaji limechafuliwa mijini, na anayelipia uchafu huo ni binti uliyemwajiri. Weka kengele ndani ya kila chumba. Mteja afunikwe shuka, ifunuliwe sehemu inayokandwa tu. Mkandaji awe na haki ya kusimamisha kazi na kutoka, wewe ukamsimamia hata kama mteja ni mtu mkubwa. Wanawake wengi watakuuliza kama watakandwa na mwanamke, nawe uwe na jibu la uhakika, siyo "tutaangalia."

Mwili wa mkandaji nao unachakaa. Pima kitanda kwa kila mmoja: asimame kando, mkono umening'inia, ngumi iguse godoro kidogo. Kikiwa juu zaidi anainua mabega, kikiwa chini anavunjika kiuno. Usimpangie mtu wa saa sita na mwingine wa saa saba kamili, maana dakika za maswali, za kubadili shuka na za kunyoosha vidole zinatoka wapi? Mimi kwa saa moja ya kukanda naweka saa moja na nusu kwenye ratiba, na bei naipanga kwa hiyo saa moja na nusu. Lipa mshahara wa kueleweka. Anayelipwa kwa kichwa atakanda hata ule mguu uliovimba.

Na taulo: mafuta hayatoki kwa maji baridi. Zifue kwa maji ya moto na sabuni ya kutosha, na zikitoka kwenye mashine ya kukaushia zitandaze zipoe kabla ya kuzikunja. Zenye mabaki ya mafuta zikirundikwa zingali moto zinaweza kushika moto zenyewe usiku, jengo likiwa limefungwa.