Mkono unauma na ugaga hautoki: anza na kidole cha pete

Nimelisoma swali la mdogo wetu mara mbili. Kwa waliochelewa: yuko mwezi wa tatu wa mafunzo ya usafi wa kinywa na meno, anajifunzia kwenye meno ya sanamu, anatumia mkono wa kushoto. Kila akimaliza zoezi anaumwa kuanzia gumba mpaka kiwikoni, na ugaga, ule uchafu mgumu ulioganda kwenye meno, umebaki palepale. Anauliza kama anunue kimpira cha kubana ili mkono upate nguvu.

Usinunue. Mimi nilinunua. Nilikibana wiki tatu, kiganja kikawa kigumu kama cha seremala, na ugaga ukaendelea kunicheka. Kilichokuwa kinanishinda hakikuwa nguvu, kilikuwa egemeo.

Chukua kalamu sasa hivi uishike kama unavyoshika kifaa cha kukwangulia ugaga, halafu tazama vidole. Gumba na cha shahada viko kwenye mpini, vinatazamana bila kugusana. Cha kati kimelaza nyama ya ncha yake kwenye shingo ya kifaa, na hicho ndicho kinachosikia mitetemo. Cha pete kimesimama wima juu ya jino, kimegusana na cha kati. Sasa wengi tunaoanza, hicho cha pete huwa kinaelea hewani, au kimejilaza kwenye mdomo wa mgonjwa. Kikielea, gumba na shahada ndivyo vinavyobeba mzigo wote, kwa hiyo vinabana, na maumivu yako yanaanzia hapo. Mkufunzi wangu alikuwa na kamchezo kake: anakuja kimyakimya nyuma yako ukiwa umezama kazini, anashika mwisho wa mpini na kuuvuta. Kifaa kikitoka kirahisi, umefaulu. Changu hakikutoka, mkono mzima ulifuata mpaka begani. Alicheka, akaenda kwa mwingine.

Egemea jino la jirani kwenye taya lilelile, la pili au la tatu kutoka unalolisafisha, na ulikaushe kwanza kwa shashi. Penye mate kidole huteleza, na kidole kikiteleza kifaa huishia kwenye fizi.

Ukishapata nguzo, acha kukwangua kwa vidole. Vidole vinakaa kimya, kinachozunguka ni kifundo cha mkono pamoja na kigasha, kama unavyofungua kitasa cha mlango. Mkwaruzo wenyewe ni mfupi, milimita moja mbili hivi, na unakandamiza pale tu unapovuta kutoka kwenye fizi. Ukirudi chini, legeza. Sikupata mtu wa kuniambia neno hilo "legeza" mapema, nikawa nakandamiza kwenda na kurudi. Zoezi langu lilikuwa penseli na karatasi: kidole cha pete kimekanyaga karatasi, nachora vistari vifupi kwa kuzungusha kifundo tu, dakika kumi kila usiku.

Kuhusu ugaga usiotoka, naomba uniamini kwenye hili: huenda wewe mwenyewe unaulainisha. Makali yanatakiwa yakutane na jino kwa nyuzi kati ya 60 na 80. Ukiyalaza chini ya 45, yanapita juu juu ya ugaga na kuung'arisha kama anayepiga pasi. Baadaye ukipapasa unasikia laini, unadhani umemaliza, kumbe umeuacha umebandika vizuri zaidi ya ulivyoukuta. Ukizidisha 90, unachana fizi. Na kinachotakiwa kugusa jino ni theluthi ya mwisho ya makali, upande wa ncha, si ubapa wote. Ncha ikiachana na jino unapozunguka kona, inachoma fizi.

Kifaa butu huleta msiba huohuo. Kishike chini ya taa, uelekeze makali kwako: ukiona kistari cheupe kinang'aa, hapo pameisha, maana ukingo mkali haurudishi mwanga. Nilimaliza nusu muhula nikilaumu mkono wangu kumbe kureti, kifaa chenyewe cha kukwangulia, ilikuwa haijanolewa. Wengine watakuambia mashine ya mtetemo inamaliza yote hayo. Ni nzuri, naitumia, lakini nayo inataka mkono mwepesi, na asiyejua kusikia ugaga kwa vidole hatajua hata na mashine kama umetoka.

Kwenye swali lako umegusia kidogo tu probu, kile kijiti chenye alama cha kupimia kina kati ya fizi na jino, ila ndiyo iliyoniaibisha. Probu ya Williams ina alama za milimita 1, 2, 3, 5, 7, 8, 9 na 10. Ya 4 na ya 6 hazipo, zimeachwa kusudi macho yasichanganyikiwe. Mimi nilikuwa nahesabu mistari: mmoja, miwili, mitatu, minne, naandika nne. Mstari wa nne ni tano! Mkufunzi alipima upya kinywa kizima akiwa kimya, na ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko matusi. Kila jino lina sehemu sita za kupima, kwa hiyo mtu mwenye meno yote 32 ana vipimo 192. Kosa kama langu halikai mahali pamoja. Itembeze probu kwa hatua za milimita moja moja, usiichomoe na kuichomeka upya. Uzito wa kuikandamiza uwe gramu 10 hadi 20, ambao ni kidogo kuliko unavyodhani: jaribu kwenye mzani wa jikoni, utashangaa.

Kioo cha kutazamia kinywani utakizoea tu. Kikiingia ukungu, kipashe moto kwenye shavu la ndani la mgonjwa.

Mwisho ni hilo la mkono wa kushoto, na nadhani nusu ya maumivu yako yako hapa. Vitabu vinampanga mhudumu kwa uso wa saa, kichwa cha mgonjwa kikiwa kwenye 12. (Nazungumzia namba zilizoandikwa, si saa za Kiswahili. Mwenzetu mmoja tulimtania kwamba akiambiwa saa 12 ataenda kukaa miguuni.) Wa kulia hufanya kazi kati ya 8 na 1, wewe kati ya 4 na 11, wote mkipitia 12. Kama darasani wote wanaonyeshwa kwa upande wa kulia nawe unaiga hivyohivyo, lazima ujipinde. Mwombe mwenzako anayetumia wa kulia akae mkitazamana, afanye taratibu, nawe umfuate kama unajiangalia kwenye kioo. Kabla ya hapo shusha kiti cha mgonjwa mpaka kinywa chake kiwe usawa wa kiwiko chako, nyayo zote mbili sakafuni. Bega likianza kupanda, simamisha kazi upange upya, hata kama mkufunzi anaangalia saa.