Ardhi haimezi umeme

Swali: Naishi Embakasi, ploti ya vyumba kumi. Nikiwasha shawa ya stima, bomba hunipiga shoti. Fundi wa landilodi alipigilia chuma nje, akakimwagia chumvi na maji, akasema sasa umeme utamezwa na ardhi. Shoti ilipungua kidogo, sasa imerudi. Niongeze chumvi?

Jibu: Usiongeze. Zima breka ya hiyo shawa leo, na usiiwashe mpaka ikaguliwe.

Hilo neno "kumezwa" nalisikia kila wiki, na linanikera kwa sababu linaua watu. Ardhi haimezi umeme. Mkondo uliotoka kwenye transfoma hurudi kwenye transfoma ileile, na udongo ni njia tu ya kurudia, tena njia mbovu. Kinachobeba mkondo humo ni unyevu wenye madini. Udongo wenu mweusi hupasuka kiangazi. Nimeona chuma cha namna hiyo chenye ufa pembeni unaoingia vidole viwili, chumvi imekauka nyeupe juu yake na waya wake wa shaba umeota kutu ya kijani. Chumvi ile mvua huisomba, na kabla haijaisha inakila chuma.

Piga hesabu. Tuseme ukinzani wa chuma chenu, yaani jinsi kinavyouzuia mkondo usiingie ardhini, ni ohm 20, na vyuma vingi huwa na zaidi ya hapo. Volti 240 gawanya kwa 20: ampea 12. Shawa yenyewe hula ampea 20 na zaidi, na breka yake hustahimili hizo. Kwa nini ikate kwa 12? Haikati. Hitilafu inaendelea kimyakimya, na ule waya wa ardhi, wa kijani na njano, unapeleka umeme kwenye kila friji na pasi iliyoungwa nao.

Kinachowaokoa ni RCD, swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja. Hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na ikiona tofauti ya miliampea 30 inakata papo hapo. Mwambie landilodi alete fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, aje na mita ya kupimia ukinzani wa ardhi. Asiyepima anakisia, na anakisia kwa maisha yako.

Imani hiyohiyo ndiyo huwafanya watu wasogelee waya wa stima ulioanguka, wakidhani ardhi imeshaumaliza. Hapo waya unapogusa udongo ndipo volti zilipo nyingi, na hupungua kila hatua unapokwenda mbali. Ukitanua miguu, mmoja uko kwenye volti nyingi na mwingine kwenye chache, na mkondo unapita katikati yako. Ukijikuta karibu, kutanisha miguu na uondoke kwa kuiburuza polepole, bila kuiachanisha.