Maswali ya Wasomaji: Mkongwe Auzwe Lini, na kwa Zamu ya Nani?

Katika toleo lililopita niliandika, kwa maneno machache kuliko ilivyostahili, kwamba timu ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, ambayo kikosi chake kimeanza kuzeeka haina budi kuwatoa wakongwe wake wakati bado kuna wanaowataka, na kupokea zamu za kuchagua chipukizi katika drafti za miaka ijayo, yaani ile shughuli ya kila mwaka ambayo timu hupokezana kuchagua wachezaji wapya, dhaifu zikitangulia. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi, na baadhi yake ni kali. Nimezijibu tano hapa.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mfuatiliaji wa mpira wa kikapu wa siku nyingi na biashara hii sijawahi kuielewa. Timu ina mchezaji anayefunga, ambaye mashabiki wanaivaa jezi yake, halafu inamtoa na kuturudia na kitu kinachoitwa zamu ya drafti, kisicho na jina, urefu wala umri. Kwangu mimi hiyo ni sawa na kuuza ng'ombe anayekamuliwa ili upewe ahadi ya ndama ambaye mama yake hajashika mimba. Faida iko wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, mfano wako ni mzuri, ila hukuuliza umri wa ng'ombe. Mnamo Julai 2013 Boston Celtics waliwapeleka Brooklyn Nets Kevin Garnett, aliyekuwa na miaka 37, pamoja na Paul Pierce na Jason Terry, wote wawili wakiwa na miaka 35. Garnett na Pierce walikuwa nguzo za ubingwa wa Boston wa mwaka 2008, na sikumbuki shabiki wa timu hiyo aliyeshangilia siku ile. Brooklyn walilipa kwa zamu zao za raundi ya kwanza za miaka ya 2014, 2016 na 2018, bila kinga yoyote, yaani bila sharti la kubaki nazo zikiangukia nafasi za juu, na wakawapa Boston haki ya kubadilishana nao zamu mwaka 2017, endapo ya Brooklyn ingekuwa bora. Juu ya hayo walitoa wachezaji kadhaa ambao Boston hawakuwa na haja nao kubwa. Walihitajika kwenye mizani, kwa sababu timu iliyovuka kikomo cha mishahara haiwezi kupokea mishahara mikubwa bila kutoa inayokaribiana nayo. Mmoja wao, Gerald Wallace, alikuwa na mkataba wa miaka mitatu zaidi wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka, na kuubeba mzigo huo kulikuwa sehemu ya bei ya zile zamu.

Sasa tazama kilichowapata wanunuzi. Msimu uliofuata Garnett alikuwa na wastani wa pointi 6.5 kwa mchezo, na Brooklyn wakatolewa na Miami katika raundi ya pili ya mtoano. Pierce aliondoka kiangazi hicho hicho, Garnett akaondoka Februari 2015. Msimu wa 2015-16 Brooklyn walipoteza michezo 61 kati ya 82, na zamu ya tatu iliyotokana na balaa hilo ikaangukia mikononi mwa Boston, ambao walimchagua Jaylen Brown. Msimu uliofuata Brooklyn walipoteza 62, wakiwa wa mwisho katika ligi nzima; Boston wakatumia haki yao ya kubadilishana na kujikuta na zamu ya kwanza kabisa, ilhali wao wenyewe walikuwa wameshinda michezo 53 na kuongoza Ukanda wa Mashariki. Waliiachia Philadelphia, wakapokea zamu ya tatu pamoja na zamu nyingine ya raundi ya kwanza ya baadaye, kisha wakamchukua Jayson Tatum. Zamu ya 2018 ilikwenda Cleveland katika mabadilishano yaliyomleta mlinzi nyota Kyrie Irving. Si kila mbegu iliota: zamu ya 2014 iliangukia nafasi ya 17, na James Young aliyechaguliwa kwayo hakudumu. Lakini Juni 2024 Boston waliifunga Dallas kwa michezo minne kwa mmoja na kutwaa ubingwa, na Brown akawa Mchezaji Bora wa Fainali.

Alichonunua Danny Ainge, aliyekuwa akiongoza shughuli za mpira Boston, ni uzee wa Brooklyn. Ndiyo maana nikisikia habari ya mabadilishano ya namna hii, idadi ya zamu hainitoi jasho. Nauliza kwanza ni zamu za nani. Linganisha na Utah Jazz, ambao Julai 2022 waliwapa Minnesota senta wao Rudy Gobert na kupokea zamu nne za raundi ya kwanza pamoja na kundi la wachezaji. Kwa kuhesabu, bei hiyo ilionekana kubwa kuliko ya Boston. Lakini Gobert alikuwa na miaka 30 tu, Minnesota hawakuporomoka, wakafika fainali ya Ukanda wa Magharibi mwaka 2024 na tena 2025, na zamu ya kwanza kati ya hizo, ya mwaka 2023, ilikuwa ya 16. Utah walimpata mlinzi Keyonte George, kijana wa maana, ingawa mtu anayefika nafasi ya 16 kwa kawaida si yule ambaye timu nzima hujengwa kumzunguka. Muuzaji mwenye busara humtafuta mnunuzi mwenye haraka na kikosi cha watu wazima.

SWALI: Je, timu yenye tamaa ya ubingwa inaweza kuuza zamu zake zote, hata za miaka ishirini ijayo?

JIBU: Hapana. Zamu haziuzwi kupita miaka saba ya mbele. Zaidi ya hapo, ipo kanuni inayobeba jina la Ted Stepien, aliyekuwa mmiliki wa Cleveland Cavaliers mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye alizigawa zamu zake za raundi ya kwanza kwa fujo hata ligi ikalazimika kuingilia kati. Kwa kanuni hiyo timu haiwezi kubaki bila zamu ya raundi ya kwanza kwa miaka miwili mfululizo ijayo. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya kuuza mwaka huu, kuruka mwaka, kuuza tena, na katika ule mwaka ulioachwa kutoa haki ya kubadilishana tu, kwa kuwa anayebadilishwa bado anabaki na zamu, hata kama ni mbovu. Ukiirudia orodha ya Brooklyn utaona: 2014, 2016, 2018, na kubadilishana 2017.

SWALI: Ndugu mwandishi, kama zamu za juu ndizo mali, si afadhali timu ikishawauza wakongwe ipoteze kila mchezo kwa makusudi? Kwa nini izunguke kutafuta zamu za wengine?

JIBU: Wapo waliojaribu, na ligi imejitahidi kuwabana. Nafasi nne za mwanzo hupangwa kwa bahati nasibu, na inafaa uijue inavyochezwa. Katika chumba cha pembeni, kabla matokeo hayajatangazwa kwenye televisheni, mipira 14 midogo yenye namba 1 hadi 14 huwekwa katika mashine. Mashine huivuruga kwa sekunde 20, mpira mmoja hutoka. Huvurugwa tena kwa sekunde 10, wa pili hutoka, vivyo hivyo hadi minne. Namba nne hizo, bila kujali mpangilio wake, zinaweza kutoa michanganyiko 1,001. Mmoja huwekwa kando, na 1,000 iliyobaki hugawiwa timu 14 ambazo hazikuingia mtoano. Zamani timu ya mwisho ilikuwa na nafasi ya asilimia 25 ya kupata zamu ya kwanza. Kwa utaratibu ulioanza na drafti ya 2019, timu tatu za mwisho zilipewa asilimia 14 kila moja, na ya mwisho kabisa ikawa inaweza kuteleza hadi nafasi ya tano.

Na huteleza kweli. Mwaka 2023, drafti ambayo kila mtu alikuwa anamtamani chipukizi Victor Wembanyama, Detroit Pistons walikuwa wa mwisho kwa ushindi wa michezo 17 tu. Wakaangukia nafasi ya tano, na Mfaransa huyo akaenda San Antonio. Msimu uliofuata Detroit walishinda 14, wakipoteza 28 mfululizo katikati ya safari hiyo ya mateso, na mpira ukawarudisha nafasi ya tano ile ile. Mwaka 2025 zamu ya kwanza, na chipukizi Cooper Flagg pamoja nayo, iliangukia Dallas, waliokuwa na nafasi ya asilimia 1.8. Nakiri nilipoona hivyo nilidhani kadi zimechanganywa. Utah, waliokuwa wa mwisho mwaka huo, walipata ya tano.

Kwa hiyo kupoteza kwa makusudi ni kulipa gharama yote kwa tiketi isiyo na uhakika, tena wewe mwenyewe ukiwa uwanjani ukizomewa. Zamu ya mwenzako inakupa tiketi ya aina hiyo hiyo, na fedheha inabaki kwake. Hata timu zisizo dhaifu huingia majaribuni kwa sababu ya kinga: Aprili 2023 Dallas, ambao wangeipoteza zamu yao kwa New York endapo ingeangukia nje ya kumi za mwanzo, waliwapumzisha wachezaji wao muhimu katika mchezo dhidi ya Chicago, wakapigwa faini ya dola 750,000. Zamu ilibaki kwao, ikiwa ya kumi barabara. Kila msomaji ataamua mwenyewe kama faini ile ilikuwa adhabu au bei.

SWALI: Unaandika juu ya wakongwe kana kwamba ni magunia ya mahindi. Wakiondoka wote, hao watoto watafundishwa kazi na nani?

JIBU: Lawama yako naipokea, kwa kuwa toleo lililopita sikuligusa jambo hili kabisa. Philadelphia ndio mfano wako mkubwa. Sam Hinkie alichukua uongozi mwaka 2013 na usiku wa drafti ya mwaka huo akamtoa Jrue Holiday, ambaye hakuwa hata mkongwe bali kijana wa miaka 23, kwa Nerlens Noel na zamu moja ya raundi ya kwanza. Akaendelea kubomoa mpaka msimu wa 2015-16 ulipoisha kwa ushindi wa michezo 10 na kupoteza 72. Januari ya msimu huo walilazimika kumrudisha Elton Brand, mwenye miaka 36, ambaye kazi yake kubwa haikuwa kucheza bali kukaa na vijana, kuwaonyesha namna ya kujiandaa na kuishi kama watu wa ligi. Hinkie alijiuzulu Aprili. Kutokana na zamu za miaka hiyo walimpata Joel Embiid, Mchezaji Bora wa Ligi wa mwaka 2023, lakini hadi mwaka 2025 hawakuwa wamevuka raundi ya pili ya mtoano.

Oklahoma City walikwenda kwa njia nyingine. Julai 2019 walimtoa Paul George kwa Los Angeles Clippers, wakapokea zamu tano za raundi ya kwanza, haki mbili za kubadilishana, na mlinzi kijana Shai Gilgeous-Alexander. Siku chache baadaye walimpeleka Russell Westbrook Houston, nao Houston wakawapa Chris Paul, mwenye miaka 34, wakiongeza zamu juu yake, kwa sababu mkataba wake ulionekana mzigo usiobebeka. Wengi walidhani Paul ataachwa benchi. Walimpa timu aiongoze. Walishinda michezo 44 katika msimu uliokatizwa na janga la korona, Shai akicheza pembeni yake usiku baada ya usiku, na wakatolewa na Houston katika mchezo wa saba. Novemba 2020 Phoenix walimtaka Paul, na safari hii aliyeongeza zamu ya raundi ya kwanza alikuwa mnunuzi. Mwaka mmoja wa heshima ulimgeuza kutoka mzigo kuwa mali, ukamfunza kijana, na Phoenix wenyewe wakafika fainali ya 2021. Baada ya hapo ndipo Oklahoma City waliposhuka: ushindi wa michezo 22, kisha 24. Mwaka 2022 zamu mojawapo ya Clippers ikawapa Jalen Williams, na mwaka 2025 wakawa mabingwa.

SWALI: Mwanangu ana miaka tisa na ameamua kuishabikia Utah Jazz. Nimwambie asubiri mpaka lini?

JIBU: Boston walisubiri miaka 11 tangu siku waliyomuuza Garnett, Oklahoma City sita tangu walipomuuza George, na hao ndio waliofaulu. Tena zamu yenyewe inaweza kuota mabawa: Oklahoma City waliingojea zamu ya Philadelphia tangu mwaka 2020, yenye kinga ya nafasi sita za mwanzo, mwaka 2025 Philadelphia wakapanda hadi ya tatu, wakaibakiza na kumchagua VJ Edgecombe. Kuhusu Utah, mwambie kwamba Januari 2025 walitoa zamu tatu za raundi ya kwanza ili kupata moja tu ya Phoenix, ya mwaka 2031, isiyo na kinga. Zamu huuzwa tena na tena, kwa hiyo usimwahidi itamfikia nani. Ila mchezaji atakayechaguliwa kwayo, siku ile mkataba ulipokubaliwa, huenda alikuwa mtoto wa shule asiyemzidi mwanao umri kwa miaka mingi.